Ngazi Saba za Wanasesere: Safu ya Nyuma Inavyopata Haki Yake

Rafu nyingi za sanamu ndogo za wahusika huharibikia mahali pamoja: safu ya nyuma. Mwenye rafu amekusanya kwa miaka, amelipia usafirishaji kutoka Japani au Marekani, kisha amewapanga mashujaa wake wa katuni na filamu mistari mitatu juu ya ubao bapa. Mgeni akisimama mlangoni anaona mstari wa kwanza, vichwa vya mstari wa pili, na nyuma yao giza. Ushauri unaotolewa upesi ni kununua kabati kubwa zaidi, nalo hujaa vilevile. Kinachokosekana ni mpangilio wa urefu unaofuata jicho la mtazamaji. Jambo hilo Wajapani walishalimaliza kabla plastiki haijazaliwa, na ukitaka kujifunza kupanga rafu, jukwaa lao la wanasesere linafaa kuchunguzwa ngazi kwa ngazi.

Kuelekea tarehe 3 Machi, siku ya Hinamatsuri ambayo ni sherehe ya watoto wa kike, familia zenye seti kamili hutoa sandukuni jukwaa la ngazi saba, hulitandika kitambaa chekundu kutoka juu hadi chini, kisha hupanga wanasesere 15 wa kasri la kifalme la zama za Heian. Juu kabisa huketi mfalme na malkia. Ngazi ya pili ni ya mabibi watatu wa kasri wanaohudumia sake, ya tatu ni ya wanamuziki watano, ya nne ya mawaziri wawili, mmoja mzee na mmoja kijana, na ya tano ya watumishi watatu. Ngazi mbili za chini hazina mtu: kuna masanduku ya bibi harusi, kioo cha kujitazamia, machela na gari la kukokotwa na ng'ombe, vyote vidogo vya kukaa kiganjani. Seti hazikuanza hivyo. Mwanzoni mwa zama za Edo (1603–1868) watu waliridhika na wanasesere wawili; ngazi zikaongezeka taratibu, na ukubwa nao ukaongezeka, hata mwaka 1721 serikali ya shoguni ikaweka kikomo cha sun 8, takriban sentimita 24, ili kupunguza ufahari. Kumbe tamaa ya kuwa na sanamu kubwa kuliko ya jirani haikuanza na kizazi hiki.

Sasa zisome hizo hesabu kutoka juu: 2, 3, 5, 2, 3. Wawili wa kileleni wako karibu na katikati, taa mbili za kusimama zikiwa pembeni yao. Watatu wanaupanua mstari, watano wanaujaza. Hadi hapo jicho limepewa pembetatu, na haliwezi kukosea nani mkubwa. Kwenye ngazi ya nne ungetarajia watu saba, lakini wapo wawili tu, tena wamepelekwa kwenye ncha za ngazi, na katikati pameachiwa sahani za vyakula. Huo ndio uamuzi wa kifundi ninaoupenda kuliko yote katika jukwaa hili. Ngazi ya nne ingejazwa, vichwa vyake vingegusana na miguu ya wanamuziki na ngazi mbili zingesomeka kuwa rundo moja. Uwazi ule unawapa wanamuziki nafasi ya kuonekana wakamilifu, na mawaziri waliokaa pembeni wanalirudisha ndani jicho linalotaka kutoka. Wengi wetu tukiona nafasi tupu kwenye rafu tunaihesabu kuwa deni la sanamu ijayo. Hapa nafasi tupu ina kazi, na imepangiwa kazi hiyo tangu mwanzo.

Ndani ya kila ngazi kuna ufundi mwingine. Katika seti nyingi, bibi wa katikati kwenye ngazi ya pili ameketi na wenzake wawili wamesimama, kwa hiyo hata watu watatu hawafanyi mstari ulionyooka. Wanamuziki hupangwa kuanzia kulia kwa mtazamaji: mwimbaji, mpiga filimbi, ngoma ndogo ya begani, ngoma ya mkono iliyo kubwa zaidi, na mwisho kushoto ngoma ya kupigwa kwa vijiti. Sauti inakua kuelekea kushoto, na umbo la ala linakua pamoja nayo. Asiyejua lolote kuhusu muziki wa Japani bado anaona mstari wenye mwendo. Kwa mtu mwenye sanamu tano za kundi moja, somo ni kwamba zipangwe kwa kitu kinachoongezeka, kiwe urefu, silaha, au ukubwa wa nywele, kitu ambacho jicho litakifuata bila kuelezwa.

Watumishi watatu wa ngazi ya tano mara nyingi wana nyuso tofauti: mmoja anacheka, mmoja analia, mmoja amekasirika. Mfalme na malkia wana nyuso tulivu, karibu hazina hisia. Kwa nini isiwe kinyume? Jibu langu linatokana na mahali alipo mtazamaji. Ameketi kwenye mkeka wa tatami, watumishi wako karibu na usawa wa macho yake, wafalme wako juu na mbali. Uso wenye mikunjo ya kilio unasomeka ukiwa karibu. Aliye mbali lazima atambulike kwa umbo, mavazi na ukubwa, na ndiyo maana katika seti nyingi wale wawili ni wakubwa kuliko watumishi wao. Mwenye rafu anaweza kuichukua kanuni hii ilivyo: sanamu yenye uso uliochorwa kwa ustadi ikae usawa wa macho, na yenye mabawa, koti linalopeperuka au upanga mrefu ipande juu au irudi nyuma.

Twende kwenye rafu ya leo. Kabati la vioo la Detolf la IKEA, lenye kimo cha sentimita 163 na upana wa 43, lilipendwa na wakusanyaji kwa miaka mingi, na kila tabaka lake lina uwazi wa karibu sentimita 40 kwenda juu. Weka humo Nendoroid, zile sanamu za Good Smile Company zilizoanza mwaka 2006, zenye kichwa kikubwa na kimo cha takriban sentimita 10. Robo tatu ya tabaka ni hewa. Hewa hiyo haijazwi kwa kuongeza sanamu chini. Hujazwa kwa kuipandisha safu ya nyuma.

Ipandishwe kiasi gani? Ikiwa sanamu za mbele na nyuma zina kimo sawa na unazitazama kwa usawa, ngazi ya sentimita 5 hufunua sentimita 5 za juu za aliye nyuma, basi. Kwa Nendoroid, hizo ni uso mzima, kwa kuwa kichwa ni karibu nusu ya mwili. Kwa sanamu za figma za Max Factory, zilizoanza 2008 na zenye uwiano wa binadamu wa kawaida, kichwa hakizidi sana sentimita 2. Ngazi ya sentimita 5 tayari inakuonyesha na kifua. Ukizitazama kutoka juu kidogo, ngazi fupi zaidi inatosha. Kwa hiyo kabla ya kununua vipande vya akriliki, amua rafu itatazamwa na nani. Aliyeketi kwenye kochi ana macho kwenye kimo cha kama sentimita 110 kutoka sakafuni. Aliyesimama, zaidi ya 150. Rafu ya sebuleni hupangwa kwa ajili ya walioketi, ya ukumbi wa kupita kwa ajili ya wanaopita. Wanaopanga wakiwa wamepiga magoti mbele ya kabati hupata rafu inayopendeza kwa mtu aliyepiga magoti.

Kuchanganya vipimo ni mtego mwingine. Sanamu ya kipimo cha 1/7 huwa na kimo cha zaidi ya sentimita 20. Ukiisimamisha bega kwa bega na Nendoroid, mmoja anakuwa mtoto wa mwenzake, hata kama katika hadithi ni maadui wa rika moja. Ama vitenganishwe kwa tabaka, ama kilicho kikubwa kirudi nyuma na juu, mahali pa mfalme. Tena, sanamu za 1/7 na 1/8 huchorwa macho yakitazama upande fulani. Izungushe polepole hadi macho yake yakutane na yako. Hapo ndipo mchongaji alipokusudia usimame. Zikiwa kadhaa, za pembeni zigeuzwe ndani kidogo zifanye kazi ya mawaziri wa ngazi ya nne.

Mandhari ya nyuma hupuuzwa sana, na inashangaza, maana wafanyabiashara wa sanamu walijua thamani yake mapema. Krismasi ya 1977, kampuni ya Kenner ya Cincinnati haikuwa imemaliza kutengeneza sanamu za Star Wars, ikauza bahasha yenye cheti na jukwaa la karatasi ngumu lililochorwa wahusika 12. Sanamu zenyewe, nne za kwanza, zilitumwa kwa posta mwaka 1978. Watoto walikaa na mandhari tupu kwa muda na bado wakaona wamepewa kitu.

Kwenye jukwaa la Kijapani, nyuma ya wafalme husimama kiambaza cha kukunjwa cha rangi ya dhahabu. Nyuso za wanasesere wa jadi hupakwa gofun, unga mweupe wa magamba ya chaza, na mweupe huo hutengana vizuri na dhahabu nyuma na wekundu chini. Dhahabu pia hurudisha mwanga wa zile taa mbili, kwa hiyo migongo na mabega hayazami gizani. Mavazi yana rangi nyingi mno, na hiyo ndiyo sababu kitambaa kina moja tu. Hapa nina ugomvi wa kudumu na wanaobandika kioo cha kujitazamia nyuma ya rafu. Kioo kinaongeza idadi, kinaonyesha migongo isiyochorwa vizuri, na kinamwingiza mtazamaji na simu yake ndani ya picha. Karatasi ngumu ya kijivu au buluu iliyokolea hufanya kazi bora kwa bei ya soda.

Taa nazo zifuate jukwaa: ziwe mbili, pembeni na mbele. Taa moja juu ya kabati la vioo hulitendea haki tabaka la kwanza. Chini yake kila sanamu inakula kivuli cha iliyo juu. Ukanda wa LED uliobandikwa kwenye nguzo mbili za mbele, ukitazama ndani, hufika kila tabaka, na LED haina joto kali wala miale mingi ya urujuanimno. Jua ndilo adui. Hugeuza plastiki nyeupe kuwa ya njano na kufifisha rangi, na aliyeko Mombasa au Dar es Salaam ana adui wa pili, joto. Plastiki ya PVC hulainika, sanamu iliyosimama kwa kifundo kimoja cha mguu huanza kuinama taratibu mpaka inaanguka. Vilainishi vilivyomo ndani ya plastiki navyo hutoka juu na kuifanya inate, hasa ikikaa mahali pasipopita hewa. Maji ya uvuguvugu na sabuni laini huondoa unato huo. Kabati lisielekee dirisha la magharibi, na sanamu nzito ipewe nguzo ya akriliki kiunoni au kipande cha gundi laini isiyokauka chini ya kitako.

Kuhusu wanaoacha sanamu za Funko Pop ndani ya maboksi, sina mengi. Boksi lina kimo cha karibu sentimita 16, sanamu yenyewe haifiki 10, na ukuta wa maboksi hufanana na rafu ya duka la dawa. Kama unakusanya ili kuuza, ni sawa. Kama unakusanya ili kutazama, fungua.

Limebaki jambo ambalo Wajapani hulifanya na sisi hatulifanyi: kuondoa. Sherehe ikipita, wanasesere hurudi sandukuni haraka, kwa imani ya zamani kwamba wakichelewa, binti atachelewa kuolewa. Sihitaji imani hiyo kuona faida yake: hariri haipauki kwa mwanga, vumbi halikai, na mwaka ujao kila mtu anatazama upya. Mwenye sanamu 60 na nafasi nzuri ya 15 atoe 15, nyingine azifunge kwenye karatasi isiyo na asidi, abadilishe kila baada ya miezi michache. Wikiendi hii shusha kila kitu, weka kochi mahali pake, keti, na urudishe sanamu moja moja ukianza na safu ya nyuma.