Uzi Kabla ya Neno: Nyuzi za Gitaa na Ushairi wa Dansi, Kisarawe na Kibaha

Uhakiki wa nyimbo za dansi za Tanzania umezoea kukaa kwenye maneno. Mhakiki huuchukua wimbo, huuandika katika beti, huhesabu mizani na kuikuta imepungua, husaka istiara, kisha huhukumu kama mtunzi wake ni mshairi au ni mpangaji maneno tu. Gitaa hungoja mwisho wa makala, nalo hupewa sentensi moja: kwamba limecharazwa kwa ustadi. Nyuzi zenyewe, yaani kile hasa kinacholia, hazitajwi hata kwa bahati mbaya. Kwa mhakiki wa namna hiyo uzi ni kitu cha dukani, kama betri au kamba ya kiatu.

Dhana hiyo ina dosari kubwa. Wimbo wa dansi hautungwi kwa maneno peke yake, na uzi uliofungwa kwenye gitaa huamua, kabla mwimbaji hajafumbua kinywa, neno lake litapewa nafasi gani. Mahali pazuri pa kulionesha jambo hili ni Kisarawe na Kibaha, wilaya mbili za Mkoa wa Pwani ambako ngoma za Wazaramo na gitaa la mjini vimekaa jirani kwa zaidi ya nusu karne.

Kisarawe ndiko alikozaliwa Muhidin Maalim Gurumo mwaka 1940, katika kijiji cha Masaki, na ndiko alikozikwa Aprili 2014. Alikuwa mwimbaji na mtunzi. Hakusifika kwa gitaa. Lakini alikuwa miongoni mwa sauti za NUTA Jazz, bendi iliyoundwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na tena miongoni mwa waliosimamisha Mlimani Park mwaka 1978. Bendi hizo mbili zilijitambulisha kwa majina ya ngoma: moja Msondo, nyingine Sikinde. Msondo ni ile ngoma ndefu ya unyagoni. Sikinde ni ngoma ya Wazaramo. Aghalabu majina hayo huchukuliwa kuwa ni pambo, au mbinu ya kuwavuta wapenzi wa muziki wenye asili ya Pwani. Yana uzito zaidi ya huo. Katika ngoma hakuna anayetaraji kwamba vyombo vyote vitawambwa ngozi moja, kwa ukubwa mmoja na mkazo mmoja. Kuna kubwa na ndogo, kuna inayoshika mwendo na inayochombeza, na kabla ya kupigwa huotwa motoni hadi kila moja isimame mahali pake. Ngoma ikilia sana hupasuka, walisema wahenga, na wapigaji wanaijua kauli hiyo kwa mikono kabla ya kuijua kwa hekima yake.

Magitaa ya dansi yalirithi baraza hiyo. Katika Mlimani Park ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 husikiki ufundi wa gitaa moja, bali mazungumzo ya manne: solo, solo la pili, ridhimu na besi. Solo hutoa kauli fupi na kuikata. Solo la pili huijibu kwa chini yake, mara nyingi likirudia vidokezo vitatu au vinne bila kuchoka. Ridhimu hujaza upenyo, na besi haitembei mfululizo kama besi ya Ulaya, bali huruka, hunyamaza, hurudi, kama mpigaji wa ngoma kubwa anayejua wakati wa kuinua mkono. Juu ya hayo yote ndipo linapokaa neno. Na neno la Kiswahili lina tabia yake: takriban daima huishia kwa irabu. Mwimbaji afikapo mwisho wa mshororo huivuta irabu hiyo, na katika nafasi hiyohiyo ndipo gitaa linapoingia. Hapo uzi wenye mlio mrefu na mng'ao mkali huifunika irabu, na pamoja nayo hufunika kina. Uzi wenye sauti ya mviringo, inayofifia upesi, huiacha irabu ipite kwanza. Kwa hiyo kina cha mshairi wa dansi hulindwa, au huharibiwa, na mtu mwingine aliyesimama hatua mbili kutoka kwake.

Inafaa kusema wazi uzi ni nini. Unene wa nyuzi za gitaa hupimwa kwa sehemu za inchi. Uzi wa kwanza mwembamba wa gitaa la umeme una inchi 0.009, sawa na milimita 0.23, wa wastani una 0.010, mnene una 0.012, yaani milimita 0.30. Tofauti hiyo jicho huona shida kuitambua, lakini kidole huijua mara moja. Ukivutwa hadi sauti yake ya kawaida kwenye gitaa la umeme lenye urefu wa kawaida, uzi wa 0.009 hubeba mkazo wa kilo sita hivi, wa 0.010 kilo saba na ziada, wa 0.012 zaidi ya kilo kumi. Mkazo hukua kwa mraba wa unene, ndiyo maana hatua ndogo dukani huwa hatua kubwa jukwaani. Uzi mwembamba hutii upesi na huinamishwa kwa urahisi, nao ulipendwa khasa na wapigaji wa bluzi na roki wanaolia kwa kuupinda uzi. Mpiga solo wa dansi hapindi sana. Kazi yake kubwa ni kugonga nyuzi mbili kwa pamoja, sauti mbili zilizopishana kwa hatua tatu au sita, zikipanda na kushuka kama dada wawili wanaoimba. Kwa kazi hiyo uzi mwembamba ni mtego: mkono wenye nguvu ukiukandamiza, sauti hupanda kuliko inavyotakiwa, na zile sauti mbili huachana. Msikilizaji huona kuna kitu hakikai sawa asijue ni nini. Kisha humlaumu mwimbaji.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 tatizo hilo halikuwapo, kwa sababu seti za kawaida za gitaa la umeme zilikuwa nene, na uzi wa tatu, ambao leo huwa waya mtupu, ulikuwa umezungushiwa waya mwingine. Ernie Ball, mfanyabiashara wa California, ndiye aliyezitia sokoni seti nyembamba mnamo 1962 baada ya kuona vijana wakihangaika na zile nene. Na kabla ya nyuzi za besi zenye kuzungushiwa waya wa mviringo hazijaenea, katikati ya miaka hiyo, besi nyingi zilifungwa nyuzi zilizozungushiwa utepe bapa: laini kwa kidole, zenye mlio mzito na mfupi. Msomaji mwenye mkusanyiko wa nyimbo za miaka ya 1960 uliotoka 2007 katika mfululizo wa Zanzibara anaweza kuyapima haya kwa sikio lake. Gitaa la miaka ile lina mwili. Lina ukaribu na gitaa la kuni, na kila sauti inaanza na kwisha waziwazi. Michael Enoch, aliyekuwa mpiga solo wa Dar es Salaam Jazz kabla ya kuiongoza Mlimani Park, alilelewa katika mlio huo. Si ajabu kwamba bendi aliyoipanga baadaye, ingawa vyombo vyake vilikuwa vipya zaidi na ving'avu zaidi, iliendelea kuheshimu mwisho wa sauti.

Hata hivyo mhakiki asikimbilie kusifu. Wapigaji wengi wa bendi zile hawakuwa na magitaa yao. Vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi: chama cha wafanyakazi, shirika la usafiri na teksi lililoanzisha Mlimani Park, au DDC iliyoichukua mwaka 1983. Aliyenunua nyuzi hakuwa aliyezipiga. Na miaka hiyo, baada ya vita na Uganda na bei za mafuta kupanda, fedha za kigeni ziliadimika hata kwa dawa na vipuri, sembuse nyuzi za gitaa. Uzi uliochakaa ulipanguswa, ulifunguliwa na kuchemshwa ili jasho na mafuta yatoke na mng'ao urudi kwa siku chache. Kwenye vyombo vya kujitengenezea, Afrika Mashariki nzima imejua waya wa breki za baiskeli, uliofumuliwa ukawa nyuzi. Mpiga zeze wa Kigogo anaujua. Mpiga nyatiti wa Kijaluo alihama kutoka mishipa ya ng'ombe akaenda kwenye nailoni ya wavuvi.

Kwa hiyo sehemu ya ule mlio mkavu unaosifiwa leo kama mtindo wa Kitanzania yamkini ilikuwa ni uhaba. Wapo wapenzi wa rekodi za zamani, wengi wao ughaibuni, wanaouabudu ukavu huo kana kwamba ulichaguliwa. Hawajawahi kupiga uzi mkongwe. Uzi uliokula kutu na jasho hauna uzito sawa kwa urefu wake wote, na kwa sababu hiyo hausemi kweli: ukilinganishwa vyema ukiwa wazi, hukosea ukibanwa katikati ya shingo. Ustadi wa wapigaji wale ulikuwa ni kuzijua nyuzi zao kwa ubovu wake na kuziepuka sehemu zilizodanganya. Hilo ni jambo la kustahiwa, lakini si sawa na kulitamani. Hewa ya chumvi inayopanda kutoka baharini hadi vilima vya Pugu haijabadilika, na chuma kisichofutwa baada ya kupigwa hakidumu Kisarawe kama kinavyodumu Dodoma.

Kibaha panazusha suala jingine. Ni mji ulioota kando ya Barabara ya Morogoro, na tangu nchi za Nodiki ziliposaidia kujenga kituo cha elimu huko mnamo miaka ya 1960, ni mji wa skuli na vyuo. Gitaa linaloonekana zaidi katika mji wa namna hiyo ni la boksi: la mwanafunzi, la mwalimu, la kwaya. Magitaa ya boksi ni ya makabila mawili, na wauzaji wengi hawayatofautishi. Moja limejengwa kwa nyuzi za nailoni, ambazo kwa jumla huvuta kilo 40 hivi. La pili limejengwa kwa chuma, na seti yake nyepesi huvuta zaidi ya kilo 70. Mwenye gitaa la nailoni akitamani sauti kubwa akafunga chuma, ataipata sauti hiyo kwa wiki kadhaa. Halafu daraja litaanza kung'oka na ubao kuvimba. Wasomaji wa visiwani hawahitaji mfano mrefu. Hakuna mpiga udi mwenye akili zake angelibebesha tumbo la udi nyuzi za chuma nene ili asikike ukumbi mzima.

Historia ya nailoni yenyewe inafundisha. Hadi Vita Kuu ya Pili nyuzi za gitaa la Kihispania zilikuwa za utumbo wa kondoo. Vita vilipoufanya utumbo uadimike, Albert Augustine wa New York alijaribu nailoni, na Andrés Segovia akazikubali nyuzi hizo mwishoni mwa miaka ya 1940. Uhaba ulizaa chaguo jipya, kwa sababu mtengenezaji na mpigaji walikaa pamoja wakasikilizana. Hapo ndipo penye tofauti na uhaba wa Dar es Salaam ya 1982, ambako mpigaji hakuulizwa.

Leo anaulizwa, na ndiyo sababu uchaguzi wake unaweza kuhakikiwa. Kijana wa Kibaha Maili Moja au wa Kisarawe mjini hufika Kariakoo na kurudi siku hiyohiyo na seti aitakayo. Kwa kawaida hurudi na nyembamba kuliko zote, kwa kuwa aliowaiga ni wapigaji wa sebene la Kongo la miaka ya 1990 na kuendelea, na kwao wepesi ni kila kitu. Katika sebene uzi huo unafaa, maana mwimbaji amekwisha kunyamaza au anarusha majina tu. Lakini dansi la Gurumo lilikuwa na nusu ya kwanza, ya polepole, yenye beti na kisa, na katika nusu hiyo uzi wa 0.009 ulionunuliwa kwa ajili ya mbio hugeuka kuwa nzi sikioni. Wenzao wa mchiriku, nao wengi ni watoto wa ngoma za Wazaramo, walilikata shauri kwa namna nyingine: waliacha nyuzi kabisa wakashika kinanda kidogo cha Casio na kukipitisha katika spika zilizochoka. Mlio wao ni mkali, lakini hukatika pale kidole kinapoinuka, na maneno ya mchiriku, kwa kelele zake zote, husikika.

Bendi yenye magitaa matatu haina sababu ya kufunga seti moja kwa yote. Ridhimu linahitaji nyuzi za 0.011 au zaidi, zisizoyumba chini ya mkono mzito. Solo linatosheka na 0.010, solo la pili, linalojibu kwa chini, lingefaidika na uzi wa tatu wa kuzungushiwa, kama wa zamani, ambao bado unatengenezwa na unaweza kuagizwa. Besi ya utepe bapa nayo ipo sokoni, ghali kuliko nyingine, lakini hudumu miaka. Na anayeziandika nyimbo za Gurumo ili zichapwe kama mashairi angefanya vyema, mwishoni mwa kila mshororo, kuweka alama ndogo inayoonesha irabu ilivutwa hadi wapi na ni gitaa gani lililoipokea.