Jicho la Kabla ya Zege

Asubuhi ya kumwaga slabu, jengo huwa wazi kwa mara ya mwisho. Nondo zimelala chini na juu, ringi zimezunguka boriti, mabomba ya umeme yamepenya kati ya nondo hizo, na mwenye macho anaweza kusoma kila uamuzi uliofanywa tangu mezani kwa mhandisi mpaka mkononi mwa fundi aliyekaza waya wa mwisho. Jioni hakuna atakayeona lolote. Utabaki uso mmoja wa kijivu uliosawazishwa kwa ubao, na watu watakaolala, kupika na kulea watoto juu yake hawatajua kilichomo.

Asubuhi hiyo mimi humtazama mtu mmoja, msimamizi wa ujenzi. Mbunifu atasifiwa kwa sura ya jengo, mhandisi kwa hesabu zake, mwenye jengo kwa fedha zake. Hata fundi lipu hupata sifa kwa kila anayepitisha kiganja ukutani. Sifa ya msimamizi imo ndani ya zege, na hakuna anayelivunja ili aione. Kwa macho yangu, kazi yake ndiyo ya heshima kuliko zote pale saiti, kwa sababu yeye ndiye shahidi wa mwisho wa vitu vinavyofunikwa.

Anatembea polepole, akikanyaga pale nondo zinapokutana ili asizipinde. Futi kamba iko mkononi. Mchoro uko kichwani na nakala yake iko mfukoni, maana kichwa peke yake hakitoshi. Mchoro ukisema nafasi kati ya nondo ni sentimita 15, basi 20 ni kasoro, hata kama nondo zimepangwa zikapendeza. Anatazama unene: nondo ya milimita 10 na ya milimita 12 hufanana kwa mbali, lakini ya pili ina chuma zaidi ya ya kwanza kwa asilimia 44. Anatazama pale nondo zilipoungwa. Kipimo ambacho mafundi wengi wanakijua ni mara 50 ya unene, kwa hiyo nondo mbili za milimita 12 zinalazwa pamoja kwa urefu wa milimita 600. Anayetaka kuokoa chuma atalaza 400, na jioni ikifika hata yeye mwenyewe hataweza kuonyesha ni wapi alipookoa.

Kuna mahali ambapo msimamizi mzuri husimama zaidi, nako ni kwenye balkoni iliyotokeza nje bila nguzo. Slabu ya chumba huelemewa katikati, tumbo lake likavutika, na ndiyo maana nondo zake kuu hukaa chini. Kwenye balkoni mambo hugeuka. Ncha ya nje inataka kushuka, mgongo ndio unaovutika, na nondo kuu lazima zikae juu. Fundi anaweza kuzifunga juu vizuri kabisa, kisha vibarua thelathini wenye ndoo za zege wakapita hapo wakazikanyaga mpaka zikalala chini. Idadi ya nondo haikupungua, mchoro umefuatwa, risiti zipo, lakini ile balkoni haina chuma mahali inapokihitaji. Kwa hiyo msimamizi anadai viti vya nondo vya kushikilia tabaka la juu, anataka mbao za kupitia watu ziwekwe, na zege likianza kumwagwa anarudi hapo tena kuhakikisha nondo bado ziko juu. Sijui kazi nyingine ambamo kitu kilichofanywa sawasawa saa mbili asubuhi kinaweza kuharibika saa nne kwa nyayo za watu wasio na kosa lolote.

Kisha biskuti. Ni vipande vidogo vya zege vinavyowekwa chini ya nondo ili zisigusane na mbao, na zege lipate kuzifunika kwa milimita 25 au zaidi. Vinaonekana kama mchezo wa watoto, lakini katika miji ya pwani ndivyo vinavyoamua maisha ya jengo. Hewa ya bahari ina chumvi. Chumvi na unyevu vikiifikia nondo, inapata kutu, kutu inavimba, na uvimbe unapasua zege kutoka ndani. Tembea Dar es Salaam au Mombasa karibu na bahari, inua macho, utaona balkoni za majengo ya zamani zenye michirizi ya rangi ya kutu tumboni. Mara nyingi kisa kilianza kwa milimita chache zilizokosekana siku moja, miaka mingi iliyopita.

“Fundi, biskuti za upande huu ziko wapi?”

“Zinakuja, mzee. Kijana kaenda kuzichukua.”

“Sawa. Na zege litakuja zikifika.”

Hakupaza sauti, hakumwaibisha fundi mbele ya vijana wake. Alibaki palepale mpaka zikafika.

Baada ya juu, anashuka chini ya slabu, kwenye msitu wa mirunda. Mita moja ya ujazo ya zege ina uzito wa karibu kilo 2,400. Slabu yenye unene wa milimita 150 inaweka kilo 360 juu ya kila mita ya mraba, kwa hiyo slabu ya mita za mraba 200 ni tani 72 za kitu kibichi kisichoweza kujibeba. Zote zinakaa juu ya miti. Msimamizi anagonga mrunda mmoja mmoja kwa nyundo, kama mama agongavyo nazi sokoni, na sikio linamwambia upi umebana na upi umesimama bure. Anainama kutazama kitako chake: umekaa juu ya ubao au umechomekwa kwenye udongo ambao mvua ya usiku imeulainisha? Kazi hii humchosha mgongo na kumchafua suruali. Anayeisimamia kutoka kwenye kiti cha plastiki kivulini hawezi kuijua.

Kuona peke yake hakutoshi. Lazima awe na uwezo wa kusimamisha. Fikiria hali yenyewe. Pampu imekodiwa kwa siku. Malori ya zege yako njiani, na zege lililokorogwa halingoji, kwani kwa kawaida huhesabiwa dakika 90 hadi saa mbili tangu maji yakutane na saruji. Mwenye jengo ameshapiga simu mara mbili. Watu wa zege wamekunywa chai na wanataka kumaliza mapema. Katika hali hiyo msimamizi amegundua kuwa ringi za boriti moja zimeachana kupita kiasi. Kusema “hatumwagi” ni kubeba lawama ya watu wote hao kwa ajili ya kitu ambacho wengi wao hawakioni. Wasimamizi hodari hupunguza mizozo ya namna hii kwa kukagua jana yake, tena na siku iliyotangulia, ili kasoro ipatikane wakati bado ni kazi ya koleo na waya. Lakini ikibidi, neno linatoka. Kwangu mimi hapo ndipo wanapojulikana. Ufundi wote mwingine unaweza kufundishwa.

Adui mwingine ni maji. Mwaka 1918 huko Chicago, mtafiti Duff Abrams alichapisha jambo ambalo kila saiti duniani inaishi nalo: kwa saruji ileile, kadiri maji yanavyozidi, ndivyo zege linavyopungua nguvu. Mfuko wa kilo 50 ukipewa lita 25 za maji utatoa zege la kuaminika. Ukiongezewa ndoo moja zaidi, zege linateleza kwa raha, linajaza kila kona, na linakuwa dhaifu. Anayelikoroga na kulipandisha kwa ndoo mkono kwa mkono ndiye anayetaka maji zaidi, na ana sababu, maana zege jepesi halimvunji mabega. Msimamizi mwema analielewa hilo. Hamgombezi kibarua; anaweka mtu mmoja mwaminifu kwenye pipa la maji, anasimamia vipimo vya mchanga na kokoto visiwe vya kukisia, na usiku mvua ikinyesha anakumbuka kwamba mchanga umeshakunywa maji, hivyo ya ndoo yapunguzwe. Ana koni yake ya chuma yenye urefu wa milimita 300, inayojazwa kwa tabaka tatu, kila tabaka likishindiliwa mara 25 kwa ufito. Koni ikinyanyuliwa, zege linashuka kidogo, au linaanguka lote kwa maji kuzidi. Kipimo hicho huchukua dakika chache, na hakuna hoja ya mdomo inayokishinda.

Zege likishamwagwa wengi huhesabu kwamba kazi imekwisha, ilhali zege ndiyo kwanza limeanza kuishi. Halikauki kama nguo kambani. Linashikana kwa saruji kuungana na maji, na jua la Dodoma au la Mtwara likiyanyang’anya maji mapema, muungano huo unakatika. Kwa hiyo kumwagilia, asubuhi na jioni, kwa siku saba au zaidi. Siku ya pili kila mtu anakumbuka. Jumapili, au siku ya Idi, wakati saiti iko kimya na mlinzi yuko peke yake, ndipo utajua kama kuna msimamizi, kwa sababu atapiga simu kuulizia magunia yaliyotandikwa kama bado yana unyevu, na asiporidhika atapanda daladala aje mwenyewe. Wakati huohuo michemraba ya zege aliyoijaza siku ya kazi inasubiri maabara, mingine ivunjwe siku ya 7, mingine ya 28. Mirunda haitoki kwa sababu mwenye nyumba anataka kuona chumba kilivyo. Inatoka zege likiwa tayari.

Watu ninaowasifu hapa si wajuaji wa kila kitu. Wana tabia ya kuuliza. Mchimba msingi ndiye wa kwanza kuona udongo ukibadilika rangi, na akijua kuwa neno lake litasikilizwa, atasema: “Mzee, hapa pamekuwa laini, jembe linazama.” Akijua kuwa atafokewa kwa kuchelewesha kazi, ataendelea kuchimba akiwa kimya. Ndiyo maana msimamizi mzuri huwajua vibarua kwa majina, hulipa siku aliyoahidi, na hugombana na ofisi malipo yakichelewa. Mtu ambaye hajalipwa wiki mbili haoni sababu ya kukuambia kwamba udongo umebadilika. Nalisisitiza hili kwa kuwa makampuni mengi hulitazama suala la mishahara kama la wahasibu, kumbe liko ndani kabisa ya uimara wa jengo.

Kuna pia upande wa mpangilio, nao una uzuri wake. Jengo la Empire State mjini New York lilianza kujengwa tarehe 17 Machi 1930 na kufunguliwa tarehe 1 Mei 1931, ghorofa 102, katikati ya mji usio na nafasi ya kulundika mali. Msimamizi wake mkuu alikuwa Mkanada, John Bowser, jina lisilotajwa sana na wanaopanda lifti zake. Chuma kilifika kimewekewa namba, na katika ghorofa kulitandikwa reli ndogo za kusukumia vigari vya matofali na mali nyingine. Anayejenga Kariakoo leo anaujua ugumu huo: mtaa mwembamba, machinga pande zote, lori haliingii mpaka usiku. Nondo ikitangulia wiki moja inaziba njia, ikichelewa siku moja watu hamsini wanakaa.

Na kuna majengo yaliyoanguka. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka, na watu 36 walikufa. Tarehe 16 Novemba 2024, Kariakoo, jengo lenye maduka lilianguka likaua watu zaidi ya 20. Mashuhuda walieleza kwamba kazi ya kupanua sehemu yake ya chini ilikuwa imeanza. Baada ya misiba kama hii tunazungumza sana kuhusu vibali na bodi, na ni haki tuzungumze. Lakini kibali hukaa ofisini. Ninachotaka kujua kila mara ni nani alikuwa pale saiti, na kama alikuwa na mamlaka ya kusema “simameni” akatiiwa.

Mtu wa namna hiyo ni nadra kwetu kuandaliwa kwa makusudi. Mamlaka ya mafunzo ya ufundi, VETA, inatoa waashi, maseremala na mafundi umeme. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinatoa wahandisi, Chuo Kikuu Ardhi kinatoa wabunifu na wakadiriaji majenzi. Msimamizi hujitengeneza katikati yao, kwa miaka, akiokota hiki kwa mwashi na kile kwa mhandisi, na akistaafu anaondoka na ujuzi huo wote. Ningependa kila mkandarasi mwenye mzee wa aina hii ampe kijana wa kutembea nyuma yake, anayelipwa kwa kazi hiyo tu. Amshikie futi kamba. Aandike kwenye daftari la saiti hali ya hewa, idadi ya watu, mifuko iliyotumika, saa zege lilipoanza na lilipokoma. Apelekwe kwenye nguzo ambayo bado haijafungwa mbao, aambiwe ahesabu ringi, kisha aulizwe kwa nini zimebanana karibu na boriti na kuachiana katikati. Na mbao zisifungwe mpaka ajibu.