Hadhi katika Picha za Kuchongwa: Kabaka Mutesa na Kikuku cha Wanga

Picha ya mtawala huchukuliwa mara nyingi kuwa ushahidi wa sura yake. Hata hivyo, picha zilizomo katika vitabu vya wasafiri wa karne ya 19 zilichongwa Ulaya juu ya ubao, zikapakwa wino na kupigwa chapa, aghalabu na mafundi ambao hawakuwahi kumwona mtawala mwenyewe. Hivyo basi, swali la mhakiki si kama Kabaka Mutesa I alifanana na picha zake, bali ni hadhi gani aliyopewa humo, na kwa macho ya nani.

J. H. Speke, aliyefika Buganda mwaka 1862, alimweleza Mutesa akiwa amevaa nguo ya gome la mti, na kando yake mbwa mweupe, mkuki, ngao na mwanamke. Hizo zilikuwa alama za utawala wa Kiganda wenyewe. Katika kitabu cha H. M. Stanley cha mwaka 1878, mchoro uliotokana na picha aliyoipiga mwenyewe wamwonyesha Mutesa pamoja na wakuu wake katika mavazi ya pwani. Vazi hilo halikubuniwa na mchongaji, Mutesa alilichagua. Lakini kitabu chamwita mfalme wa wafalme, na Stanley alikwisha kuomba wamishenari wapelekwe kwake. Hadhi ya pichani, kwa hiyo, yamtambulisha mtawala kwa wageni waliotazamiwa kumwendea.

Misafara ya pwani ilifika pia Mumias, Kakamega, makao ya Nabongo Mumia, ambako Joseph Thomson alipita mwaka 1883. Huko alama kuu ya unabongo ni omukasa, kikuku cha shaba. Masimulizi ya Wanga yaeleza kwamba mwasisi wa ukoo huo aliishi ugenini kama mtumishi, kikuku amekificha. Kilipoonekana, ndipo alipotambuliwa kuwa wa uzao wa kifalme. Alama hii haihitaji ukubwa wala joho. Yahitaji mtazamaji aijuaye.

Hapo ndipo mpaka wa picha ya kuchongwa ulipo. Huweza kuonyesha hadhi inayovaliwa, lakini kikuku kile mchongaji wa mbali angekichora kama pambo tu. Ukimya wa picha kuhusu alama za wenyeji, basi, usihesabiwe kuwa ukosefu wa hadhi.