Usukani Mwepesi si Usukani Bubu

Kuanzia Isebania hadi Homa Bay, vijana wanaopenda Subaru wana imani moja wasiyokubali ijadiliwe: gari la spoti likiwekewa pawa stelingi limekatwa ulimi. Usukani wa kweli, kwao, ni ule unaomtoa dereva jasho akigeuza gari kwenye stendi ya Migori. Imani hiyo haikuzuka hewani, lakini anayenunua gari kwa kuifuata atanunua vibaya, kwa sababu inachanganya mambo mawili yanayokaa kwenye duara moja: uzito wa usukani, na habari zinazopanda kupitia usukani huo. Mvuvi wa mshipi kule Mbita hamjui mbuta kwa uzito wa chubwi. Humjua kwa mshtuko mdogo unaofika kidoleni, na chubwi likizidi uzito mshtuko huo humpita. Hoja yangu ni kwamba pawa yenyewe haiui habari. Habari huuawa na kipimo kibaya cha pawa, na vitu vilivyobadilishwa pamoja nayo, na, kwa magari yetu ya mitumba, vyuma vilivyochakaa ambavyo pawa husingiziwa.

Tuanze chini, tairi linapogusa lami. Gari likikata kona, mpira wa tairi hujipinda, na nguvu inayolishikilia barabarani hutokea nyuma kidogo ya kitovu cha gurudumu. Ndiyo maana gurudumu hutaka kujinyoosha lenyewe. Mwinamo wa mhimili ambao gurudumu la mbele huuzunguka, ule mafundi wanaouita kasta, huongeza hamu hiyo, na mkono wa dereva unaolizuia gurudumu ndio unaosoma barabara. Ajabu ni kwamba hamu hiyo haipandi moja kwa moja hadi tairi liteleze. Hupanda, hufika kilele, kisha huanza kushuka wakati tairi bado limeshika. Usukani hulegea kidogo kabla ya pua ya gari kuponyoka. Hakuna taarifa yenye thamani kuliko hiyo, na usukani mzuri hupimwa kwa jinsi unavyoifikisha. Jiwe linalogonga gurudumu na kuurusha usukani mkononi halina ujumbe wa namna hiyo. Kwenye murami wenye matuta madogo kama bati, usukani mkavu usio na pawa hutoa kelele nyingi mno, na ule ulegevu mdogo wenye maana huzama ndani yake. Anayesema anahisi kila kokoto anasema kweli. Ila kokoto si kitu alichohitaji kukihisi.

Pawa huingia wapi hapo? Francis Davis, mhandisi Mmarekani, aliifanyia kazi tangu miaka ya 1920, na gari la abiria la kwanza kuuzwa nayo lilikuwa Chrysler Imperial ya mwaka 1951. Kanuni haijabadilika sana. Katikati ya usukani na raki, chuma chenye meno kinachoyageuza magurudumu, kuna kijiti chembamba cha chuma kinachojisokota kidogo dereva anapozungusha. Kikijisokota, hufungua njia ya oili, na shinikizo la pampu husaidia kuisukuma raki. Kadiri kinavyojisokota zaidi, ndivyo msaada unavyoongezeka. Maana yake ni kwamba mkono haukatwi kutoka kwenye tairi: sehemu ya nguvu ya tairi huendelea kupanda, na oili hubeba iliyobaki. Swali ni nani kapewa fungu gani. Mhandisi akiwa mkarimu kupita kiasi, fungu la mkono huwa dogo hadi ule ulegevu wa mwisho hausikiki. Mfumo wa umeme, ulioanzia kwenye Suzuki Cervo mwaka 1988, hupima msokoto uleule kwa sensa, kisha mota ikafanya kazi ya oili. Hapo ndipo lawama za wapenda magari zina msingi. Mota na gia zake zina msuguano na uzito wa kuzunguka, kwa hiyo mitetemo midogo hufia njiani, hasa mota ikifungwa juu kwenye nguzo ya usukani kama ilivyo kwa Vitz na Probox. Mota ikifungwa chini kwenye raki, hali huwa nafuu.

Ushahidi ulio bora ni wa magari yaliyouzwa kwa namna zote mbili. Mazda MX-5 ya kwanza, ya mwaka 1989, mnunuzi aliweza kuichukua na pawa au bila. Wengi husema isiyo na pawa inazungumza zaidi, nami sibishi, maana gari lile halifiki tani moja na mkono wa kawaida unalimudu. Lakini raki hazikuwa sawa. Isiyo na pawa ilikuwa na uwiano wa usukani kwa gurudumu wa 18 kwa 1, yenye pawa 15 kwa 1. Yenye pawa hugeuka haraka zaidi, kwa hiyo anayezilinganisha halinganishi pampu peke yake. Analinganisha raki mbili. Honda NSX ya mwaka 1990 ilikuja bila pawa kwa gia za mkono, na ikawa na pawa ya umeme kwa otomatiki. Baadaye Honda iliipeleka pawa hiyo hata kwenye gia za mkono. Ushahidi unaonikaa akilini zaidi ni wa Porsche 911. Ilikaa zaidi ya miaka 20 bila pawa, hadi ile iitwayo 964 ilipoipata mwaka 1989. Porsche ilipohamia umeme kwenye 991, mwaka 2011, wapenzi wake walililia usukani wa oili wa matoleo yaliyotangulia. Usukani walioulilia ulikuwa na pawa. Subaru nayo ilifanya jambo linalofundisha katika toleo la mwaka 2014: WRX ikapewa umeme, kaka yake STI akaachiwa oili. Kampuni ingekuwa inaamini kwamba pawa yoyote huua usukani, STI ingeachwa bila pawa kabisa. Haikuthubutu, kwa sababu injini ya Subaru imening'inia mbele ya ekseli ya mbele, na bila msaada ingebidi raki iwe ya polepole hadi gari lipoteze wepesi wake.

Kuna wanaojibu kwa spana. Hutoa mkanda wa pampu, oili ikamwagwa, wakatangaza kwamba gari limerudishiwa ulimi. Kilichobaki si usukani usio na pawa. Raki ni ileile ya uwiano wa haraka, kwa hiyo ni nzito kuliko mhandisi yeyote angekubali. Sili za pistoni bado zinakwaruza, oili iliyosalia husukumwa kwa nguvu ya mkono kupitia vijitundu vyembamba, na kile kijiti cha msokoto, kisichosaidiwa tena, hujinyonga kabla gurudumu halijasogea. Matokeo ni uzito mwingi na habari chache. Wengine hutetea kazi hiyo kwa kusema pampu hula nguvu za injini. Hula kweli, lakini ni kidogo, na hakuna aliyewahi kushindwa kupanda kilima cha Rongo kwa sababu hiyo.

Basi upimeje? Kwanza usihukumu kabla ya kupima upepo wa matairi kwa geji, maana tairi laini hufanya usukani wowote uwe mzembe. Gari likiwa limesimama na injini inanguruma, tikisa usukani upana wa vidole viwili kulia na kushoto. Ukisikia kugonga, tairodi au boljointi imekwisha, na mjadala wa pawa uahirishwe. Kisha nenda kwenye A1, sehemu iliyonyooka kati ya Rongo na Awendo, pasipo na trekta la miwa mbele yako. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, sogeza usukani kidogo sana. Usukani mzuri huanza kupata uzito papo hapo; mbaya una sehemu iliyokufa katikati, kama mlango wenye bawaba zilizolegea. Kwenye kona, uzito upande kama mpira unaovutwa, bila kuruka na bila kufika mahali ukasimama huku gari likiendelea kuzama kwenye kona. Ukitoka Rodi Kopany kushuka kuelekea ziwani, mahali penye nafasi na mwendo mdogo, legeza vidole ukimaliza kona: usukani urudi wenyewe, taratibu, hadi karibu na katikati. Usiporudi, kuna msuguano mahali, mara nyingi kwenye kiungo cha nguzo au kwenye alainimenti iliyofanywa kwa kukisia. Jaribio la mwisho ni la mvua. Kwenye udongo mweusi wa bonde la Lambwe, kwa mwendo wa mtu anayekimbia tu, geuza kidogo na usikilize mikono. Usukani ukilegea kabla pua haijateleza, gari hilo linasema, liwe na oili, umeme au bila chochote. Uzito ukibaki uleule hadi gari likateleza, hilo ndilo bubu, hata kama lina uzito wa jiwe la kusagia.

Pingamizi moja linastahili kujibiwa kwa heshima: kwamba huu ni ujuzi wa watu wenye Porsche, ilhali barabara zetu zimejaa Probox. Lakini Probox ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi jinsi pawa inavyosingiziwa. Pakia abiria wa nyongeza nyuma na magunia juu ya ekseli ya nyuma, pua huinuka, matairi ya mbele hupoteza uzito unaoyakandamiza chini, na ile nguvu ya kujinyoosha hupungua. Usukani huanza kuelea. Dereva hulaumu umeme, na fundi, akitafuta la kuuza, hukubaliana naye. Shusha mzigo uendeshe tena palepale kabla ya kununua kitu chochote. Na kama ni Impreza ya oili unayoitaka, kabla ya kumrudishia mwenyewe ufunguo inama chini, ubinye mipira ya pande mbili za raki. Ikiwa imelowa oili, sili zimekwenda. Pitisha pia kiganja upande wa ndani wa tairi la mbele; likiwa limelika kama meno ya msumeno, uliyoyahisi kwenye kona za Rongo yalikuwa ya alainimenti, na bei bado inaweza kuzungumzwa.