Heko kwa Mafundi Bunduki

Heko mafundi bunduki, hasa ninyi mnaojua kwamba darubini isiyolenga sawa mara nyingi haina kosa. Kosa liko kwenye vishikio vyake.

Mwenye bunduki huzungusha kitufe cha darubini cha kupandishia risasi hadi kikagota, na risasi bado zinapiga chini ya shabaha. Fundi hakilazimishi. Hukirudisha katikati ya mwendo wake, akageukia vishikio. Hesabu yake ni fupi: vishikio viwili vikiachana kwa milimita 100, kibati cha milimita 0.1 chini ya kile cha nyuma hupandisha risasi sentimita 10 kwenye shabaha iliyo umbali wa mita 100. Unene wa karatasi tu! Lakini kibati kikizidi, pete za vishikio huikaba darubini kombo na kuipinda. Ndiyo maana fundi makini huzisugua pete hadi zikae sawa, au hufunga reli iliyochongwa kiwandani ikiwa na mteremko kuelekea mbele.

Ujuzi huu una historia yake. Darubini za kampuni ya John Unertl ya Marekani zilirekebishwa kwa nje, kwenye vishikio vyenye maikromita. Ndiyo aina aliyoitumia Carlos Hathcock, mdunguaji wa Marekani, katika vita vya Vietnam.

Basi, wewe mwenye bunduki halali, kabla hujatoa fedha kununua darubini mpya, mpe kwanza fundi avipime vishikio.