Mchoro wa nyonga unaotudanganya

Hebu simama kidogo, kisha weka kidole kwenye nyonga yako.

Kama wewe ni kama wanafunzi wengi niliowahi kuwauliza, umegusa ule mfupa wa pembeni, pale mkanda wa suruali unapokaa. Huo ni ukingo wa mfupa wa nyonga, ni kweli, ila kiungo chenyewe hakipo hapo. Kiko chini zaidi na ndani zaidi, nyuma ya mkunjo wa kinena, pale paja linapokutana na tumbo. Misuli minene imekifunika, hivyo kidole hakikifikii.

Leo nataka kukosoa kitu ambacho wengi wetu tumekitumia bila kukihoji: ule mchoro wa nyonga wa kwenye vitabu vya baiolojia, pamoja na ndugu yake, kiunzi cha plastiki kinachoning'inia kwenye kona ya maabara.

Nina sababu ya kukasirika. Bibi yangu anaishi Masama, wilaya ya Hai, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Masika moja aliteleza kihambani, juu ya majani ya migomba yaliyolowa. Akainuka mwenyewe, akajikongoja hadi nyumbani. Alichosema ni kwamba goti linauma. Alipopelekwa kutibiwa, goti likapigwa picha, likaonekana zima, akarudishwa na vidonge na dawa ya kuchua. Siku ya tisa akashindwa kabisa kusimama. Mguu ulikuwa umefupika na unyayo umegeukia nje. Picha ya pili, safari hii ya nyonga, ilionyesha shingo ya mfupa wa paja imevunjika.

Simlaumu aliyempokea peke yake. Mimi nilikuwa pale nyumbani, nina digrii ya kwanza ya baiolojia, na nilikuwa namchua goti kila jioni.

Basi tuukague mchoro. Nianze na haki yake: unaonyesha wazi kwamba kichwa cha mfupa wa paja ni kama mpira, kimekaa ndani ya bakuli, na ndiyo maana mguu unakwenda mbele, nyuma, pembeni na kuzunguka. Kwa kujibu mtihani, inatosha. Kwa kuelewa mwili, kuna mambo manne yanakosekana.

Kwanza, unaifanya nyonga ionekane pacha wa bega. Bega limejengwa ili mkono ufike mbali, na bakuli lake halina kina, ni kama kisahani. Nyonga imejengwa kubeba. Bakuli lake ni la kina, limeundwa na mifupa mitatu inayoungana kabisa wakati wa ujana, na ukingoni lina pete ya gegedu inayokikumbatia kichwa cha mfupa wa paja. Kwa mbele kuna kano yenye umbo la Y iliyopinduliwa, imara kuliko kano zote mwilini. Ukisimama wima kusubiri daladala, kano hiyo inakaza na kukuzuia usiangukie nyuma, huku misuli ikipumzika. Kwenye kiunzi cha plastiki, yote haya yamebadilishwa na skrubu moja.

Pili, shingo. Kati ya kichwa na mfupa mrefu wa paja kuna kipande kilichoinama, kwa mtu mzima kama nyuzi 125 hadi 130. Mchoro unakipaka rangi nyeupe tupu, kama bomba. Kumbe sehemu kubwa ya damu inayokilisha kichwa cha mfupa hupanda kwa kuikwea shingo hii. Shingo ikivunjika na vipande vikaachana, mishipa hiyo inaweza kukatika, na kichwa kikafa polepole hata kama mifupa itaunganishwa vizuri. Ndiyo maana kwa wazee madaktari mara nyingi huamua kuweka kichwa bandia badala ya kuunga. Na ndiyo maana siku tisa za kuchua goti si jambo dogo.

Tatu, uzito. Mchoro unaonyesha mtu amesimama kwa miguu miwili, lakini katika kila hatua kuna muda unasimama kwa mguu mmoja, na mwili karibu wote unaelemea upande mmoja wa kiungo. Nani anauzuia usiiname? Misuli ya pembeni ya tako, iliyojishika kwenye mfupa ule ule uliougusa mwanzoni. Ni mizani, tena isiyo sawa: uzito unaning'inia mbali na kiungo, angalau mara mbili ya umbali wa misuli. Mtu wa kilo 60, ukiondoa mguu uliokanyaga, anabaki na kilo 50. Ili kuzisawazisha, misuli inavuta kama kilo 100. Kiungo kinabeba vyote viwili, yaani kilo 150. Hii si hesabu ya ubaoni tu. Watafiti wa Berlin waliwawekea wagonjwa nyonga bandia zenye vipima nguvu ndani yake, na walipotembea, vipimo vilikaribiana na hicho: kama mara mbili na nusu ya uzito wa mwili.

Sasa mtwishe mama wa Masama mkungu wa ndizi wa kilo 20 kichwani, ashuke kuelekea soko la Kwa Sadala. Kwa hesabu hiyo hiyo kiungo kinabeba kilo 210. Kilo 20 za kichwani zimekuwa 60 kwenye nyonga.

Nne, maumivu. Mishipa ya fahamu inayohudumia nyonga inahudumia pia goti. Ubongo ukipokea taarifa unaweza kukosea anuani, na mgonjwa akasema goti kwa dhati kabisa. Kanuni yake ni rahisi: goti likiuma, ikague na nyonga, hasa kwa mzee aliyeanguka au mtoto anayechechemea.

Lugha nayo inachangia. Mtu akikwambia "kiuno kinaniuma", anaweza kuwa anamaanisha mgongo wa chini, tako au kinena. Shule ya msingi tunasoma kwa Kiswahili, lakini ukifika sekondari viungo vinageuka vya Kiingereza, na majina yake yanabaki kwenye karatasi ya mtihani. Ukirudi nyumbani huna neno la kumuuliza bibi. Swali nililopaswa kumuuliza lilikuwa la kawaida tu: "Bibi, ukigeuza paja lote, kinena kinauma?"

Kwa hiyo kama unafundisha, usiutupe mchoro. Chukua chaki uongeze vitu vinne: pete ya bakuli na kano ya mbele, damu inayopanda shingoni, misuli ya pembeni, na mstari wa maumivu kutoka kinena hadi goti. Haichukui dakika kumi.

Halafu waambie wanafunzi kuhusu fimbo. Inashikwa mkono wa upande wa pili wa nyonga mbovu, kwa sababu pale ndipo inaposaidia misuli kusawazisha ile mizani. Bibi alikuwa anaishika upande ule ule unaouma, na sisi wote tuliona ni sawa.

Siku hizi anatembea tena hadi kwa jirani. Nyonga iliyovunjika ni ya kulia. Fimbo iko mkono wa kushoto.