Usiku wa Matangi ya Mamba Umeanza Kuonekana

Jamani! Nimelala usiku mmoja tu juu ya turubai kando ya matangi ya vifaranga vya sato hapa Mamba, Mpimbwe, na tayari sitaki tena kusikia habari za kuchovya mkono majini na kusema "yako sawa haya".

Kifaa chenyewe hakina sura. Ni boksi la plastiki lenye bodi ndogo ya ESP32, laini ya simu, betri ya kuchajiwa na sola, na nyaya zinazozama majini. Mzee mwenye matangi aliposikia nimeleta sensa alicheka: "Mwanangu, si mlishanihesabu 2022?" Tukakubaliana kiitwe kihisio.

Cha joto, DS18B20, ndicho kilichoniteka. Kimevikwa chuma kisichoshika kutu, bei yake haifiki ya kuku wa kienyeji, na hakikosei zaidi ya nusu nyuzi. Nusu! Mayai ya sato kwenye maji ya nyuzi 28 huanguliwa kwa siku nne hivi; maji yakipoa siku zinavutika, na ukungu unapata karamu. Sasa sikia. Mchana mstari wa joto ulipanda vizuri. Giza lilipoingia ukaanza kushuka polepole, kama mtu anayemkwepa mwenye duka. Saa tisa usiku simu ya mzee ikalia: tangi la pili limepita chini ya nyuzi 25. Tukalifunika kwa turubai, lile lile nililokuwa nimelalia, na kabla ya jua kuchomoza mstari ulikuwa umetulia. Miaka yote ya ufugaji, mzee hajawahi kuuona usiku wa maji yake!

Kihisio cha oksijeni nacho, weee! Mwani hutoa oksijeni jua likiwaka, lakini gizani nao huivuta kama samaki, ndiyo maana kiwango huwa chini kabisa karibu na mapambazuko. Miligramu 5 kwa lita ni raha. Chini ya 3 vifaranga wanapanda juu kuhema. Na maji ya moto hubeba oksijeni kidogo, kwa hiyo ukiyapasha mayai joto unayapunguzia pumzi. Alfajiri kiwango kiliposhuka, pampu ya hewa iliwaka yenyewe. Nilipiga makofi peke yangu.

Kasoro zipo. Hiki cha oksijeni kinakula bei ya mbuzi kadhaa, utando wake hubadilishwa, na ute wa majini usipofutwa kinaanza kusema uongo. Cha pH lazima kirekebishwe kwa maji maalumu ya 4 na ya 7. Cha amonia sikununua. Matone ya rangi ya kupimia yanatosha kwa sasa.

Kisumu, kampuni ya AquaRech hutumia joto la maji kuwaambia wafugaji wa Ziwa Victoria walishe kiasi gani. Huku kwetu faida naiona mapema zaidi, kwenye yai, maana kifaranga anayefia hapa atafidiwa na mwingine wa kusafirishwa kwenye mfuko wa oksijeni kutoka mbali, tuseme kituo cha serikali cha Mwamapuli kule Igunga (si Mwamapuli yetu ya Mpimbwe).

Nilipokuwa nafunga begi mzee alikuwa na ombi moja: ujumbe wa usiku uingie pia kwenye simu ya mama watoto, kwa sababu yeye mzee akilala amelala.